Aliyezama Ana Hatia?

Hebu nihukumu. Kiangazi kimoja zamu yetu ya maji ya mfongo iliangukia saa nane mchana. Kwetu ni Uru, juu ya mji wa Moshi, na kule mfongo hauna mchezo: ukichelewa, maji yamekwenda kwa mwenzio. Mama alikuwa ameshuka sokoni na ndizi. Mimi nikakaa mgombani na daftari langu la riwaya, eti niandike ukurasa mmoja tu. Kuinua kichwa, jua linazama. Maharage ya mama yakangoja zamu nyingine, na nusu yakanyauka.

“Mama, sikusikia,” nikajitetea. Na kweli, hata njaa sikuisikia.

Kumbe hali hii ina wataalamu wake. Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia wa Kihungaria aliyefundisha Chicago, aliwachunguza wachoraji miaka ya 1960. Wakichora walisahau kula; picha ikiisha, hawana habari nayo tena. Katika kitabu chake cha 1990 anaeleza kwamba mtu huzama pale ugumu wa kazi unapolingana na ujuzi wake. Tena akili ina kipimo: ukiimimina yote kwenye kazi, haibaki ya kuhesabu saa. Wapo wataalamu wa ubongo wanaodhani kuwa sehemu yake ya mbele, ile ya kupanga na kujichunguza, hupoa wakati huo. Watazame wacheza drafti pale mjini, vizibo vya soda vikigongwa ubaoni: mteja anaita wee, hakuna anayegeuka.

Basi kama mlinzi wa ndani amesinzia, nani alaumiwe? Hoja hiyo niliipenda sana, mpaka nilipokumbuka mbege. Mlevi naye hajui atendalo, lakini tunamlaumu, maana kata ya kwanza aliiinua akiwa na akili zake.

Na mama pia huzama. Akichambua kahawa kwenye kichanja, utamsalimia mara tatu. Ila kabla hajaanza humwita mtoto wa jirani: “Baba, maji yakija uniite.” Mimi sikumwita mtu. Nilijua kabisa daftari lile linanipeleka wapi, na ndiyo maana nililifungua.

Zamu iliyofuata nikamweka mtoto yuleyule. Akaja mbio: “Kaka, maji!” Nilimsikia vizuri. Nikamjibu, “Nakuja,” nikaandika mistari miwili zaidi.