Masikio Yalitoka Vizuri

Kazi ya kwanza niliyolipwa kupiga picha ilikuwa ruracio, na mama wa bibi harusi alitoka na masikio safi kabisa. Ungeweza kuhesabu shanga za hereni. Macho, ambayo ndiyo nilikuwa nimelenga, yalikuwa na ukungu kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Mteja alilipa nusu, akasema ile nyingine atatuma jioni. Hiyo jioni haijafika.

Nilidhani shida ni mimi. Ukiacha chuo mwaka wa tatu unazoea kudhani hivyo. Nikajifunza kubana viwiko, kushika pumzi, kuongeza spidi ya shata. Bado masikio. Mwishowe nikaipeleka kwa fundi mmoja wa River Road. Akapiga picha chupa ya soda mara nne, akazikuza kwenye kioo, akacheka. "Kijana, kamera iko sawa, lenzi iko sawa. Hizi mbili ndizo hazielewani."

Alikuwa sahihi kuliko nilivyotaka awe. Kamera za aina hii zina kioo ndani. Mwanga ukipita kwenye lenzi, sehemu yake inateremshwa hadi kwenye sensa ndogo iliyolala chini, ambayo kazi yake ni kupima fokasi tu. Picha yenyewe inachukuliwa na sensa nyingine, kubwa, huko nyuma. Safari hizi mbili za mwanga zinafaa kuwa na urefu sawa. Zikitofautiana kidogo tu, kama unene wa unywele, sensa ya chini inaapa kwamba macho yako wazi huku ile ya nyuma ikipokea masikio. Kiwandani kuna kiasi cha makosa kinachoruhusiwa. Lenzi inaweza kupita mtihani, na kamera ikapita mtihani, halafu siku zinapokutana makosa yao yakajumlishana.

Dawa ni kuiambia kamera: kila ukipima, sogeza kidogo mbele. Namba moja. Na usiku mmoja nikagundua kwamba hiyo namba imo ndani ya kamera tuliyonunua mtumba, kwenye menyu ya mafundi wa kampuni ambayo mnunuzi hatakiwi kuiona. (Kampuni siitaji.) Unaandika faili ndogo ya maandishi, unaiweka kwenye kadi ya memori, unawasha kamera ukiwa umeshikilia kitufe fulani, na ukurasa mpya unafunguka. Miezi minane nilikuwa nabeba ugonjwa na dawa kwenye mfuko mmoja.

Kamera yangu haikuwa ya kwanza kuwa na chumba kilichofungwa. Mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi, kwa bei ya chini ya dola 1,000, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni. Ndani ilifanana sana na ndugu yake wa bei kubwa, 10D: megapikseli 6.3, pointi 7 za fokasi, chipu ya familia moja. Lakini 10D ilikuachia uchague fokasi ifanye kazi vipi, ishike mara moja itulie au imfuate mtu anayekimbia. 300D ilijiamulia yenyewe. Kisha mtu aliyejulikana mtandaoni kwa jina Wasia akaichokonoa ile programu inayoishi ndani ya kamera, na mambo ambayo wanunuzi waliambiwa hawana yakajitokeza: ISO 3200, kupunguza na kuongeza nguvu ya flashi, kuinua kioo kabla ya kupiga, kuchagua aina ya fokasi. Hakuna skrubu iliyoguswa. Uwezo ulikuwa umekaa humo siku zote, umeambiwa unyamaze.

Je, kuufungua ni wizi?

Kufuli la deni nalielewa. Jirani yangu wa boda alichukua simu ya kulipa kidogo kidogo. Akichelewa kulipa inajifunga, anabaki na kioo cheusi mfukoni. Inauma, lakini simu bado si yake yote. Hata chuo nilichoacha kimefungia alama zangu kwenye mfumo wao kwa sababu ya karo, na nikasirike vipi, najua nadaiwa. Kufuli la kamera ni la aina nyingine. Muuzaji alipokea pesa yake yote, na aliyemuuzia yeye pia. Hilo kufuli haliniambii "lipa." Linaniambia "jua mahali pako."

Rafiki yangu mhasibu hakubali. Anasema bila hilo kufuli hiyo kamera ya bei nafuu isingekuwepo. Kampuni inatengeneza kitu kimoja, wenye pesa wanauziwa kikiwa wazi, sisi wengine tunauziwa kikiwa kimefungwa nusu, na kila mtu anaenda nyumbani na kamera. Ukifungua, umekata tiketi ya ekonomi kwenye SGR halafu umehamia daraja la kwanza mhudumu akiangalia dirishani. Nilikaa na hilo wiki nzima kwa sababu lina ukweli ndani yake. Bei ya chini iliwaingiza watu ambao wasingeingia.

Jibu langu lilikuja nikiwa kwa matatu, kama mengi. Kiti cha treni nikishuka Mombasa kinabaki chao. Kikivunjika ni hasara yao. Nikikikalia, kuna mwingine hakikalii. ISO 3200 iliyolala ndani ya kamera yako haijatoka kwa mtu yeyote, na kamera ikianguka kwenye mtaro wa Githurai hakuna kampuni itakayokuja na kamba kuitoa. Mwenye kitu ni yule anayelia kikiharibika. Halafu, kwa upande wangu, hata sikuwa naomba daraja la kwanza. Nilikuwa naomba macho.

Hata wanaofungua kamera wanalijua hili la hasara. Mwaka 2009 Trammell Hudson, Mmarekani, alianzisha Magic Lantern kwa ajili ya Canon 5D Mark II, kwa sababu alitaka kuona na kudhibiti sauti wakati wa kurekodi video. Ni programu inayosimama kando ya ile ya kampuni, ikisomwa kutoka kwenye kadi, na ni ya bure. Onyo lake liko wazi: ukiitumia, hasara yoyote ni juu yako. Niliposoma hilo onyo nilishangilia. Ndiyo! Juu yangu, kwa hivyo ni yangu!

Ila haikuwa yangu. Ile kamera ilikuwa shilingi 28,000, na 15,000 zilitoka kwa dada yangu. Anauza nguo Toi, na siku za wiki kamera ni yake: anatundika magauni ukutani, anapiga, anapost, watu wanaagiza. Wikendi ni yangu. Kwa hoja yangu mwenyewe, ya nani analia, yeye alikuwa mwenye kamera zaidi kuliko mimi. Wiki zile zote nilikuwa nikibishana kichwani na kampuni ya ng'ambo ambayo haijui nimezaliwa, na mtu pekee niliyehitaji kumwomba ruhusa alikuwa amelala mita mbili kutoka kwangu.

Ilikuwa Jumapili, saa sita usiku. Nilifikiria kumwamsha. Nilijua pia angesema nini: ngoja, tuchange tumlipe mtu anayejua, isije ikazima na kesho nina mzigo. Na hiyo ndiyo sababu sikumwamsha.

Nikaweka kadi, nikashikilia kitufe, nikawasha. Kioo kikakaa cheusi muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha menyu ikatokea. Nilipanga chupa tatu za soda mezani, moja nyuma ya nyingine, nikalenga ya katikati, nikabadilisha namba, nikapiga, nikakuza, nikabadilisha tena. Mara ya nne maandishi ya chupa ya katikati yalisomeka hadi zile herufi ndogo za chini.

Jumatano dada aliniita nione gauni la buluu. Kitambaa kilionekana uzi kwa uzi. "Umesafisha lenzi?"

Nikasema ndiyo.

Kama ningeiua kamera ningelazimika kumwambia usiku uleule, na tungegombana, na lingeisha. Lakini ilipona, na sasa sijui nianzie wapi. Nimeandika ile namba kwenye karatasi, pamoja na hatua za kuirudisha sufuri, nikaiweka kwenye mfuko wa kamera chini ya chaja. Ameiona, maana juzi niliikuta imekunjwa vizuri kuliko nilivyoiacha. Hajauliza bado.