Ujuzi wa Mnunuzi

Katika mtaa wa Ayany, hapa Nairobi, ambapo nyumba za mawe hupakana na mabati ya Kibera, yuko kijana auzaye saa za mitumba. Meza yake ni sanduku lililogeuzwa juu chini, na juu yake huzipanga saa thelathini au arobaini: nyingine zimesimama, nyingine hazina ukanda, na moja mbili hukimbilia mbele robo saa kila siku. Jumamosi moja nilinunua kwake saa nzito ya chuma, yenye vitufe viwili ubavuni na visahani vitatu ndani ya uso wake. Alitaka shilingi elfu moja na mia mbili. Nikatoa mia nane, naye akaridhika.

Saa ya namna hii huitwa kronografu. Huonyesha wakati kama saa nyingine zote (nasi Waswahili huusoma kwa kutazama upande wa pili wa uso, kwa maana akrabu fupi ikielekea nane sisi husema ni saa mbili), lakini pia hupima muda wa tendo. Ukibonyeza kitufe cha juu, akrabu ndefu huondoka; ukikibonyeza tena, husimama; na kitufe cha chini huirudisha mahali pake. Marubani na waendeshaji wa magari ya mashindano waliitegemea sana. Mimi niliipenda kwa ajili ya kupima mbio za wanafunzi.

Niliipeleka kwa fundi isafishwe. Aliufungua mgongo wake, akaitazama mashine kwa kioo chake cha jicho, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, saa hii usiivae sokoni." Ilikuwa kazi ya Uswisi, akasema, ya kutiwa ufunguo kwa mkono, nayo ilikuwa na umri kumpita yeye. Alimjua mkusanyaji mjini ambaye angetoa shilingi elfu hamsini bila kusita.

Nilirudi nyumbani kwa furaha. Asubuhi yake nilipita mbele ya lile sanduku, na kijana akaniita kwa uchangamfu: "Mwalimu, saa yaenda vizuri?" Nikajibu kwamba yaenda. Jibu hilo lilikuwa kweli tupu, na tangu hapo likaninyima raha.

Ili msomaji apate kuelewa uzito wa jambo hili, yafaa ajue mali inayofichwa na ujinga wa saa. Tarehe 26 Oktoba 2017, katika mnada wa Phillips mjini New York, ilinadiwa kronografu ya Rolex, aina ya Daytona. Ilikuwa mali ya Paul Newman, mwigizaji wa filamu na mwendeshaji wa magari ya mashindano wa Marekani. Mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyempa, na mgongoni alikuwa amechorewa maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Mwaka 1984 Newman alimpa James Cox, kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Kwa muda wa dakika 12 hivi bei ilipanda hadi dola 17,752,500, pamoja na ada ya mnada. Na saa zenye uso wa namna ile hazikupendwa zilipokuwa mpya. Zilikaa madukani zikikosa wanunuzi! Ziko pia saa ambazo Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala Omani tangu 1970 hadi 2020, aliziagiza zitiwe alama ya jambia usoni, akawatunukia watu. Asiyejua ataliona jambia lile kuwa doa. Ajuaye huona fedha.

Basi, je, mnunuzi ajuaye yampasa kusema? Fundi wangu hakuona shaka yoyote. "Kijana alinunua mzigo mzima kwa kubahatisha," akaniambia. "Lau saa hiyo ingalikuwa chuma kibovu, ungalirudi kumdai mia nane zako?" Kwa hakika nisingalirudi. Tena ujuzi nao ni kazi. Mtu aliyejifunza miaka ishirini kutambua mashine kwa mlio wake hakosi haki ya kupata ujira kwa macho yake. Akilazimishwa kumwambia kila muuzaji kila anachokijua, nani atajisumbua kujifunza?

Hoja hiyo ni ya zamani. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu cha mwaka 44 kabla ya Kristo, alitoa mfano wa mfanyabiashara aliyeleta nafaka Rhodes wakati wa njaa, naye ajua kuwa merikebu nyingine zi njiani. Je, aseme, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Mwanafalsafa Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba kunyamaza si kuficha; Antipater, mwanafunzi wake, alikataa. Cicero alisimama upande wa mwanafunzi. Wazee wa Kiislamu wa Kibera, nao, hawahitaji kwenda Roma kutafuta jibu: Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuulaki msafara na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajajua bei ya soko.

Napenda fikira hiyo ya msafara, kwa kuwa inakwenda moja kwa moja penye kosa. Haimkatazi mjuzi faida. Inamtaka mwenye mali afike sokoni kwanza. Hapo ndipo niuonapo uzuri wa mnada. Katalogi hutaja namba ya saa, kasoro zake na vipande vilivyobadilishwa, na wajuzi hushindana mbele ya dalali. Muuzaji asiyejua lolote hulindwa na wivu wa wanunuzi wawili. Juu ya sanduku la Ayany hakuna mnunuzi wa pili.

Walakini mimi sikuwa mjuzi siku ile. Kijana na mimi tulikuwa vipofu sawasawa. Lau ningalijua, ningalimwibia kwa ulimi uliofungwa. Kwa kuwa sikujua, niliona bahati ile imetuangukia sote wawili, na haikuwa haki mmoja aizoe yote kwa sababu tu ndiye aliyefika kwa fundi.

Mkusanyaji alitoa shilingi elfu hamsini na mbili. Nikatoa kwanza mia nane zangu na ujira wa fundi, na kilichobaki nikakigawa nusu kwa nusu. Kijana alidhani namtania. Kisha akazihesabu noti mara mbili, asiseme neno. Hatimaye akaniuliza ni ipi nyingine mezani iliyo kama ile. Nikamwambia sijui, aulizwe fundi. Akazikusanya saa zake zote ndani ya kitambaa, akafunga fundo, akaondoka mbio, akaniacha mimi nikililinda sanduku.