Uji wa Mradi

Kijiji cha kisa hiki usikitafute kwenye ramani ya Kwale. Nimekiunga kwa vipande vya vijiji vingi, na mtu wa Pwani akikisoma huenda akadhani namsema yeye.

Kabla ya mradi, chekechea ya kijiji ilikuwa kwenye kibaraza cha chuo. Asubuhi walikaa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, alasiri wanachuo wa Kurani. Mwalimu alikuwa binti wa hapo hapo aliyeishia kidato cha pili, karo ilipowashinda nyumbani. Kila mzazi alitoa shilingi hamsini kwa mwezi. Asiyekuwa nazo alileta mzigo wa kuni au madumu mawili ya maji, na mchango wake ukaandikwa daftarini sawa na fedha. Uji ulipikwa kwa zamu. Watoto walihesabu kwa vifuu na kokwa za ukwaju. Sitaki kuipamba: makuti yalivuja, mwalimu alicheleweshewa malipo, na masika yakiingia nusu ya watoto walibaki nyumbani.

Lakini mara moja kwa mwezi, siku ya Jumatano, muuguzi wa zahanati alikuja na mzani wake, kwa sababu alijua akifika saa nne atawakuta watoto wote wamekaa na vikombe mkononi. Aliwapima mmoja mmoja. Msimu wa matone ya vitamini A na dawa za minyoo ukifika, aliwamaliza wote asubuhi moja. Mtoto ambaye uzito haupandi, mama yake alivutwa pembeni wakazungumza kwa sauti ya chini. Bila ile sufuria ya uji, muuguzi angelazimika kuwafuata nyumba kwa nyumba, na muda huo hakuwa nao.

Mradi ulitangazwa kwenye baraza la chifu. Kwenye viti walikaa chifu, mzee wa kijiji, diwani na mabwana wawili wa mradi. Wenye zamu ya uji walikaa chini ya mwembe, wakapiga vigelegele walipoambiwa wapige. Hakuna aliyewauliza neno, na wao wenyewe hawakuwa na haraka ya kuuliza, maana anayepewa jengo la mawe na bati hapendi kuonekana mtovu wa shukrani. Mwisho likatolewa tangazo: tangu leo mzazi asitoe hata senti. Unga utaletwa, mpishi atalipwa, mwalimu atalipwa. Hapo vigelegele vilitoka bila kuamrishwa.

Jengo lilisimama. Ukutani wakachorwa twiga na tembo, nje likawekwa tangi la maji ya mvua lenye bomba lake. Akaletwa mwalimu mwenye diploma kutoka mjini. Yule binti aliambiwa alete cheti, na kwa kuwa hakuwa nacho akapewa ufagio. Alifagia muhula mmoja, kisha akaenda Ukunda kutafuta kazi hotelini. Kamati ya chekechea ilikutana mara mbili ikajikuta haina cha kujadili. Daftari la michango likaishia kwa watoto wa mweka hazina, wakalichorea magari.

Wasikilizaji wa kisa hiki wakifika hapa huanza kumtafuta mwovu, na kidole humwendea mfadhili. Mimi simuoni hivyo. Watoto walikunywa uji wa maziwa na sukari kila siku ya shule, na yule mwalimu wa diploma aliijua kazi yake. Madhara yote yaliyofuata yalianzia kwenye lile tangazo la ukarimu, ambalo hakuna aliyelitoa kwa nia mbaya.

Mwaka wa tatu bomba likaanza kuvuja. Kilichoharibika ni kimpira cha ndani, shilingi ishirini, dukani kipo. Maji yakatiririka usiku na mchana mpaka tangi likakauka katikati ya kiangazi. Afisa wa mradi alipokuja kukagua alishangaa: mbona hamkulitengeneza? Mama mmoja akamjibu kwa upole kabisa, "Lile bomba lenu, mwanangu? Sisi tulikuwa tukiwangoja nyinyi." Hakuwa akimkejeli. Ndivyo alivyojua.

Kisha muda wa mradi ukaisha, kama ulivyoandikwa tangu mwanzo kwenye karatasi ambazo kijijini hakuzisoma mtu. Unga ulikwisha, mwalimu akangoja mshahara mwezi mzima, akafunga virago. Mzee wa kijiji akaitisha mkutano wa kurudisha michango; wakaja wazazi tisa. Wale wapya, ambao hawakuwahi kushika zamu ya uji, waliuliza swali la haki: kwa nini walipie kitu ambacho wenzao walipewa bure? Muuguzi alikuja Jumatano yake, akakuta kufuli mlangoni na mwenye ufunguo yuko shamba. Mwezi uliofuata akaja tena. Wa tatu hakuja. Uji ulipokoma kijiji kizima kililalamika; mzani ulipokoma hakuna aliyesema kitu.

Kenya nzima ilipata kuonja jambo la jinsi hii. Januari 2003 karo ya shule za msingi za umma ilifutwa, na ilikuwa heri kubwa. Nasari hazikuguswa: mwalimu wake aliendelea kutegemea mfuko wa mzazi, kama ilivyokuwa tangu enzi za harambee. Wazazi wengi wakapiga hesabu iliyo wazi. Darasa la kwanza ni bure, nasari ni pesa. Basi mtoto akae nyumbani umri utimie, aingie la kwanza moja kwa moja. Madarasa ya kwanza yakafurika, wakiwemo watoto ambao hawajawahi kushika chaki, na walimu wa nasari wakakosa wa kuwalipa. Katiba ya 2010 iliikabidhi elimu ya chekechea kwa kaunti, na tangu 2013 kaunti zimekuwa zikiajiri walimu na kujenga madarasa. Kujenga hupendeza zaidi, kwani darasa lina utepe wa kukata. Uji hauna utepe.

Njia nyingine iliwahi kujaribiwa Pwani hii hii. Mpango wa chekechea za madrasa, chini ya Wakfu wa Aga Khan, ulianza Mombasa mwaka 1986, Bi Swafiya Said akiwa nguzo yake, ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Huko jamii ilitia saini mkataba, ikaunda kamati, ikatoa mahali, na wazazi wakaendelea kulipa ada. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wakafunzwa huku wakifanya kazi. Vifaa vilitengenezwa kwa vifuu, makopo na mbegu, kazi ambayo yule binti wetu aliifanya kabla hajapewa ufagio. Baadaye jamii ilichanga mfuko, mfadhili akaongezea, na faida ya mfuko ikasaidia gharama. Haikuwa pepo: malipo ya walimu yalibaki madogo na baadhi walihama. Ila hakuna mzazi aliyeambiwa apumzike.

Tukirudi kijijini, kaunti nayo ilifika. Afisa alikuja na mchoro wa darasa jipya, kando ya lile la zamani ambalo sasa mtu alikuwa amehifadhi saruji yake ndani. Safari hii akina mama walikaa mbele. Wakauliza nani atamlipa mpishi, ufunguo utakaa kwa nani, na nani atakwenda kumwambia muuguzi. Afisa akasema hayo ni mambo ya baadaye. Kwanza kiwanja kifyekwe, mkandarasi aingie kabla ya mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Hawakufyeka. Mwakilishi wadi akapiga simu kwa hasira, mzee wa kijiji akabembeleza, waume zao wakagawanyika. Juni ikaisha, fedha zikapelekwa wadi nyingine, na hadi leo wapo hapo kijijini wanaowalaumu wale akina mama.