Kurudi na Kujirudi: Maadili ya Safari ya Marejeo

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya safari aghalabu huishughulikia safari ya kwenda: kuaga, kuvuka, kustaajabia ya ugenini. Marejeo huchukuliwa kuwa tamati tu ya kisa. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Marejeo ndiyo sehemu iliyo nzito zaidi kimaadili, kwa kuwa ndipo msafiri anapogeuka kuwa msimulizi, na msimulizi huwajibika kwa wale wanaomwamini. Swali linaloulizwa ni hili: je, anayerudi kutoka ng'ambo anawiwa nini na waliobaki? Mfano utakaotumiwa ni wa Migori na Homa Bay, nchi iliyo kati ya Ghuba ya Winam na mpaka wa Tanzania, ambayo wenyeji wake wamezoea kwenda na kurudi tangu zamani.

Neno na Mizigo Yake

Kiswahili kimekitwika kitenzi rudi maana tatu ambazo msemaji wa kila siku hazioni kuwa na uhusiano. Mtu hurudi, yaani hurejea alikotoka. Nguo hurudi, yaani hupungua baada ya kufuliwa. Mzazi naye humrudi mtoto, yaani humwadhibu ili atambue kosa lake. Na kutokana na maana hii hupatikana kujirudi, yaani kujirekebisha kwa hiari. Yamkini mkutano huu wa maana ni wa bahati tu. Hata hivyo, unamfaa mhakiki, kwa sababu unadokeza kwamba marejeo ya kweli hayakamiliki kwa kufika. Hutaka pia kupungua na kujirekebisha.

Neno ng'ambo nalo lina funzo lake. Ni upande wa pili wa maji, yawe mto, ziwa au bahari kuu. Mtu aliyesimama Mbita akitazama Luanda Kotieno anatazama ng'ambo. Mwanawe aliye London yuko ng'ambo vilevile. Masafa hutofautiana, ila hali ya anayetazama ni moja: habari za upande ule huzipata kwa kinywa cha aliyevuka. Simu na picha hazijaibadili sana hali hii, maana picha nayo huchaguliwa na anayeituma.

Njia Kama Mahali pa Kutungia

Chukua mfano wa mzee aliyekwenda Uingereza kumtembelea mwanawe kwa miezi mitatu. Likizo imekwisha. Ametua Nairobi, akapanda basi lipitalo Narok, Bomet, Sotik na Kisii. Wafikapo Rongo, abiria wa Homa Bay hugeukia upande wa ziwa, na wa Migori huendelea mbele kupitia mashamba ya miwa ya Awendo. Saa hizo zote si za kukaa bure. Mzee anatunga. Anajua kwamba jioni watu watajaa uani wakitaka kusimuliwa, na ameona mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Ameona barabara safi, hospitali nzuri na duka lisilokosa kitu. Ameona pia mwanawe akirudi alfajiri kutoka kazi ya usiku ya kuwaosha wazee wa watu wengine, akalala katika chumba ambacho kodi yake humeza sehemu kubwa ya mshahara.

Akisimulia fahari peke yake, huenda jirani akauza ng'ombe au kipande cha shamba ili naye ampeleke mtoto wake. Akisimulia yote, anaweza kumvunjia heshima mwana ambaye fedha zake ndizo zilizoezeka nyumba hiyo ya mabati na kulipa karo za wadogo zake. Hapa hakuna uchaguzi kati ya wema na ubaya. Ni mgongano wa wajibu wa aina mbili, ule wa ukweli kwa jirani na ule wa sitara kwa mwana.

Uzito wa mgongano huo una historia. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955–56, alisaidia kuanzisha mpango wa kuwasafirisha wanafunzi kwenda Marekani. Ndege ya kwanza ilichukua wanafunzi 81. Familia na jamii zilichangishana ili vijana wao wasafiri. Safari ya ng'ambo ikawa mkopo wa umma, na aliyeondoka aliondoka na amana ya wengi. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga, kisiwa kilicho leo katika Kaunti ya Homa Bay, ingawa hakuzaliwa huko. Kwao mtu, basi, si lazima pawe alipozaliwa. Ni pale penye watu wanaomdai, na ambao yeye anakiri kwamba wanamdai. Mojawapo ya madeni hayo ni habari ya kweli.

Marejeo ya Ochola

Riwaya ya Grace Ogot, The Promised Land (1966), hulipima jambo hili kwa mizani nyingine. Ochola anahama Nyanza pamoja na mkewe Nyapol kwenda Tanganyika kutafuta ardhi yenye rutuba, ijapokuwa Nyapol hakuridhia. Anatajirika. Kisha husuda ya jirani aliye mganga inamletea maradhi ya ajabu, mwili ukaota miiba. Anapopona anaambiwa aondoke mara moja na kuiacha mali yake.

Ni rahisi kuisoma tamati hiyo kama onyo kwa wanaohama. Usomaji huo hautoshi. Ochola amerudi kwa maana ya kwanza, na kwa maana ya pili pia, kwa sababu amepunguzwa. Lakini je, amejirudi? Moyo wake bado umefungwa kwenye mali anayoiacha. Mwili umeponywa, tamaa haijaguswa. Ogot anaonyesha kwamba kulazimishwa kurudi hakuzai kujirudi. Ndiyo maana marejeo ya hiari, kama ya yule mzee ndani ya basi, yana thamani kubwa zaidi kimaadili: hakuna anayemshurutisha aseme kweli.

Pingamizi Mbili

Itasemwa kwanza kwamba mzee hana haki ya kumkatisha jirani tamaa. Pingamizi hili lina nguvu, kwa sababu wapo waliovuka wakafanikiwa. Lakini kumpa mtu habari kamili si kumzuia. Ni kumwachia uamuzi ulio wake. Anayemficha gharama ndiye anayemwamulia.

Itasemwa pili kwamba waliobaki nao wana hatia, kwa kuwa hutaka fahari na mzigo wa zawadi, na humdharau arudiye bila vyote viwili. Hili ni kweli. Methali husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Arudiye kutoka ng'ambo, hasa kijana wa likizo fupi, hapewi jembe kamwe. Hufanywa mgeni wa kudumu katika ua wa baba yake, na mgeni hudaiwa kupendeza kuliko kusema kweli. Basi jamii inayotaka habari ya kweli haina budi kumpokea msafiri kama mwenyeji.

Hitimisho

Methali nyingine husema kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hutumiwa kuonyesha kwamba nyumbani hapana mbadala. Ila ngama ni sehemu ya chombo, na chombo kiko safarini. Aliyekwenda na aliyebaki wote wanasogea, na kila mmoja anahitaji kuambiwa na mwenzake walipofika.

Kuhusu mgongano uliotajwa, sitara na ukweli hugongana pale tu kazi ya mwana inapohesabiwa kuwa aibu. Mzee anaweza kuitaja kazi ya usiku kwa jina lake, na kodi kwa kiasi chake, na kumsifu mwana aliyeyabeba hayo kwa ajili ya nyumba yao. Masimulizi yake yatakuwa yamerudi kama nguo, yamepungua hata yakalingana na mwili. Jirani akisha kuyasikia, aamue mwenyewe juu ya ng'ombe wake.