Nilikuwepo!
Wimbo wa kwanza wa bendi ya LCD Soundsystem ya New York, "Losing My Edge", ulitoka mwaka 2002. Kwa karibu dakika nane mwimbaji wake, James Murphy, anaigiza mjuaji anayepitwa na vijana. Anajigamba kwamba alikuwepo kila muziki mpya ulipozaliwa, hata Cologne mwaka 1968. Murphy mwenyewe kazaliwa 1970! Mwishoni hoja zinamwishia, anabaki kupayuka majina ya bendi kama mpiga mnada wa mitumba. Utamu wake ni kwamba kejeli inaanzia nyumbani: Murphy alikuwa DJ, akaingiwa na hofu vijana walipoanza kupiga santuri zake zile zile. Na orodha ile ina mtego, maana msikilizaji hujikuta anahesabu ni ngapi anazijua. (Mimi, si nyingi.)