Ahadi ya "Bila Kikomo"

Kijana mmoja niliyemsomesha chuoni alinijia baada ya Alasiri, karatasi mkononi. Amefungua biashara ya kukodisha nafasi za tovuti, akataka nimsahihishie Kiswahili cha tangazo lake. Kiswahili kilikuwa kizuri. Nilichokwama nacho ni maneno mawili: "bila kikomo".

Biashara yenyewe, kwa usiyeijua, ni kama ya ghala. Kila tovuti uifunguayo kwenye simu yako imewekwa ndani ya kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, nayo huitwa seva. Mwenye duka hawezi kununua seva yake, basi hukodi nafasi. Kijana huyu naye hana seva. Amekodi gigabaiti 100 kwa kampuni kubwa ya ng'ambo, akazigawa vipande, na kila kipande hukikodisha kwa mwaka. Hapo sina neno. Mwenye kukodi kitu aweza kumkodisha mwingine manufaa yake, na wanavyuoni wetu wamekwisha kulieleza hilo katika mlango wa ijara.

Lakini mwenye gigabaiti 100 awauzieje watu nafasi isiyo na kikomo? "Maalim," akanijibu, "wenye kazi hii wengi huandika hivyo. Na mteja wa kawaida hatumii hata gigabaiti 1." Akanipigia mfano wa hoteli iuzayo pilau kwa bei moja, mtu ale mpaka ashibe: mwenye hoteli hana sufuria isiyokwisha, na hapana amwitaye mwongo.

Mfano huo, nakiri, ulininyima usingizi. Ila mla pilau anaujua mpaka wa tumbo lake, na sufuria anaiona. Mwenye tovuti haoni kitu. Mpaka wake umefichwa katika masharti, kwa herufi ndogo: idadi ya mafaili, na nguvu ya seva anayoruhusiwa kutumia. Siku biashara yake itakaponawiri, wageni wakamiminika, ndiyo siku atakayoambiwa kuwa amepita kiasi. Basi ahadi hii humtosha asiyeihitaji, na humtupa anayeihitaji. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta majimaji chini, hakuuliza ni wanunuzi wangapi hufika chini. Aliuliza kwa nini kilicholowa hakikuwekwa juu, watu wakakiona.

Tangazo lilisema pia kwamba tovuti zitafunguka asilimia 99.9 ya wakati wote. Namba tamu hiyo! Hebu ihesabu: mwaka una saa 8,760, na sehemu moja katika elfu ni saa 8 na dakika 45. Tovuti yaweza kuzimika muda huo wote na ahadi isivunjike. Si uongo, lakini ni wateja wangapi watakaoihesabu? Nilimwambia aandike saa.

Jambo zito zaidi halikuwamo kabisa katika karatasi ile, nalo ni nakala za akiba. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hakufa mtu, alhamdulillahi, lakini wateja wengine waligundua siku hiyo kwamba hawakuwa na nakala ya mali yao popote. Walidhani mwenye ghala anazo. Wewe msomaji huenda ukasema, kosa ni la mteja asiyesoma mkataba. Sawa, ana sehemu yake. Lakini muuzaji ajuaye kuwa mteja wake amedhani vingine, akanyamaza kwa kuchelea kumkosa, mimi simtoi lawamani.

Bei ya mwaka wa kwanza iliyoandikwa kwa wino mkubwa, na ya mwaka wa pili, mara tatu yake, isiyoandikwa, hiyo hatukubishania. Aliirekebisha mwenyewe, kwa haya.

Tangazo lilitoka na gigabaiti 5 kwa kila mteja, nakala kila Ijumaa katika seva ya mji mwingine, na bei za miaka yote miwili. Mwenzake wa mtaa wa pili angali akiandika "bila kikomo", na wateja wake ni wengi zaidi. Kijana wangu, mwezi wa tatu huu, anao 4. Mmoja wao ni chuo chetu, nacho kimelipa ada kamili.