Mlalamishi na Mwenye Mizani



Sumbawanga ni mji wa baridi. Uko juu katika uwanda wa Ufipa, Ziwa Tanganyika likiwa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa mashariki, na sisi tuliozoea joto la pwani hatuvui koti huko hata mchana. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, nilipita penye kibanda chenye taa na makelele, nikachungulia. Vijana wawili walikuwa wamekaa mbele ya televisheni wakicheza mpira wa kwenye mashine, ule ambao hulipiwa kila mechi. Mmoja alikuwa amekwisha kufungwa mabao matano. Akasimama kwa hasira akasema, "Mchezo huu si wa haki! Waliotengeneza wameipendelea timu yako. Mtu gani huyu anakimbia kushinda pikipiki?" Mwenzake akamjibu bila kugeuka, "Jana si ulicheza nayo wewe? Mbona hukulalamika?"

Wote waliokuwamo wakacheka, nami nikacheka. Lakini jawabu ile haijanitoka mpaka leo.

Pengine utasema: gazeti la mambo ya dini na michezo ya vijana, wapi na wapi? Hukumu ya michezo hiyo, na sala zinazopotea kwa ajili yake, na kamari inayojipenyeza ndani yake, wameieleza masheikh walio wajuzi kuliko mimi. Ninalotaka tuliangalie ni hili: mwenye kushika mizani akilalamikiwa afanye nini, na mlalamishi naye analazimika na nini?

Katika bao letu la kete 64 hakuna wa kulalamikiwa. Mashimo ni yale yale kwa wote wawili, na aliyelitunga hajulikani. Ukishindwa umeshindwa na mwenzio. Michezo ya mashine si hivyo. Watungaji wake wako hai, na mizani imo mikononi mwao. Huyu hupewa shujaa mwenye mbio, yule shujaa mwenye nguvu, na mtungaji ndiye akadiriaye kuwa mbio hizi zalingana na nguvu zile. Akikosea kidogo tu, kila mtu humkimbilia shujaa mmoja na wengine wote huachwa. Ndipo kelele zinapoanza. Mchezo uitwao League of Legends, uliotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Riot Games ya Marekani, hurekebishwa karibu kila wiki mbili: fulani kapunguzwa, fulani kaongezwa, na maelezo yake huandikwa yakasomwa na wote.

Husimuliwa kwamba safari moja waliandika kuwa shujaa mmoja, jina lake Vladimir, amepunguzwa nguvu. Kwa kusahau, badiliko lenyewe halikuingizwa. Shujaa alikuwa vile vile alivyokuwa jana. Walakini wachezaji walilalamika kuwa sasa ameharibika, hafai kitu. Watu wale hawakuwa waongo, msomaji wangu. Waliyahisi maumivu kweli kweli. Jeraha ndilo halikuwapo.

Na yako yaliyo mabaya kuliko hayo. Julai 2013 kampuni ya Treyarch ilipunguza kasi ya bunduki moja katika mchezo wa Call of Duty: Black Ops II. Muda baina ya risasi na risasi ulikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde, ukafanywa sehemu nne za kumi. Kwa ajili ya kipande hicho cha sekunde, ambacho hata kupepesa jicho hakutoshi, David Vonderhaar, mmoja wa wakuu wa kazi ile, alitumiwa vitisho vya kudhuriwa yeye na jamaa zake. Bunduki yenyewe ni picha, na anayepigwa nayo ni picha.

Basi mtu aweza kusema: malalamiko ni upuuzi, mwenye mizani na azibe masikio yake. La, hasha! Ukifungua Sura ya 58, Al-Mujadila, utamkuta mwanamke mlalamishi, na sura nzima imeitwa kwa mashtaka yake. Ni Bibi Khawla binti Thaalaba. Mumewe alimfanyia dhihari, yaani alimfananisha na mgongo wa mama yake, na kwa desturi ya kijahiliya mwanamke wa namna hiyo aliachwa akining'inia, si mke wala si huru. Alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akajadiliana naye na kumshtakia Mwenyezi Mungu hali yake. Bibi Aisha (r.a.), aliyekuwa karibu hapo, alieleza kuwa maneno mengine ya mwanamke yule hakuyasikia, lakini Mola wake aliyasikia kutoka juu ya mbingu, wahyi ukashuka, na mume akawekewa kafara. Desturi ilivunjwa kwa sababu ya mtu mmoja aliyelalamika, naye hakuwa na cheo wala mali.

Kwa hivyo kusikiliza ni lazima. Ugumu uko katika kupima. Mtume (s.a.w.) aliwaonya waliokuja kushtakiana mbele yake kuwa yeye ni binadamu, na huenda mmoja wao akawa fasaha kumshinda mwenzake, akamhukumia kwa kadiri alivyosikia, na atakayepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo amekatiwa kipande cha moto. Na katika Sura Sad tunasoma habari ya Nabii Daud (a.s.) na wagomvi wawili, mmoja mwenye kondoo 99 na mwingine mwenye mmoja. Wako wafasiri waliosema kuwa mtihani wake ulikuwa ni kutoa hukumu kabla ya kumsikiliza wa pili, ijapokuwa aliyeanza kusema ndiye aliyeonekana dhaifu.

Watungaji wa michezo, kwa njia yao ya kidunia, wameligundua jambo lililo karibu na hilo. Mlalamishi huaminiwa anaposema panapouma, lakini haachiwi kuandika dawa. Tena wao wana kitu ambacho kadhi wa zamani hakuwa nacho: mashine yahesabu kila mchezo, nani kashinda na kwa silaha gani. Mwenye makelele huhesabiwa mara moja tu kama mwenzake aliye kimya. Na jambo hili ni kubwa, kwa sababu aliyedhulumiwa sana aghalabu haandiki barua wala hapigi kelele. Huweka chini kilichomo mkononi mwake, akaondoka.

Sasa nirudi Ufipa, kwa kuwa mizani ya kule si ya mchezo.

Rukwa ni ghala la mahindi, na wengi wetu pwani tunaula unga wake bila kujua ulikotoka. Wakati wa mavuno malori hupanda mpaka vijijini, na mnunuzi huja na gunia lake mwenyewe. Sheria ya Vipimo ni ya mwaka 1982, Wakala wa Vipimo upo, na wasimamizi wake hawachoki kutangaza kuwa gunia lisizidi kilo 100. Lakini gunia la mnunuzi hujazwa, hushindiliwa, kisha huongezewa kilemba juu kikashonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia na zaidi. Mkulima hana mizani nyumbani, na mtoto wake anangojewa na ada ya shule. Akisema "limezidi", huambiwa lori litakwenda kijiji cha pili. Hakuna mashine inayohesabu mara ngapi alishindwa.

Sura Al-Mutaffifin inawataja watu ambao wakijipimia kutoka kwa wengine hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Nilipokuwa nikiisoma zamani nilimfikiria muuza duka tu. Tangu usiku ule wa kibandani naona yamhusu pia mlalamishi. Yule kijana mwenye mabao matano alijua vizuri kuwa timu ile ina nguvu kupita kiasi. Alijua tangu jana, alipokuwa akishinda nayo. Na sisi je? Tukinunua kilo ya sukari ikapungua robo, mtaa mzima utasikia, na huenda tukamtaja muuzaji mpaka msikitini. Lakini jamaa yetu akirudi kutoka bara na magunia ya lumbesa akatuuzia kwa bei nafuu, twamwombea dua ya baraka. Sijasikia hata mara moja mtu wa pwani akilalamika kuwa gunia lake limezidi.

Iko shida nyingine ambayo siwezi kuimaliza hapa. Katika miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Ufipa, aliye mbali na Dar es Salaam, alilipwa sawa na aliye karibu, na mahindi ya Rukwa yakaongezeka sana. Gharama ya kuyasafirisha ililemea Shirika la Usagishaji la Taifa, na katika miaka ya 1980 mpango ule ukaachwa. Mkulima wa kule alipopunguziwa, je, aliondolewa haki yake au upendeleo wake? Wote wawili, aliyenyang'anywa haki na aliyeondolewa upendeleo, hulia kwa sauti moja. Mwenye bunduki ya mchezo aliondolewa upendeleo. Hilo halina ubishi. Mkulima yule mimi simweki kundi moja naye, kwa sababu umbali wa shamba lake hakuuchagua, na jembe lake ni la kweli.

Neno la mwisho ni kwa mwenye mizani. Novemba 2017 kampuni ya Electronic Arts ilikuwa ikitoa mchezo wa Star Wars Battlefront II. Mashujaa wakubwa walifungiwa, na kuwafungua kulitaka saa nyingi mno za kucheza. Mwenye fedha aliweza kununua masanduku ya kumsogeza mbele. Watu wakaghadhibika ulimwengu mzima. Gharama ya mashujaa wakubwa kabisa ikashushwa kutoka pointi 60,000 hadi 15,000, na kabla ya siku ya kuutoa rasmi mauzo yale yakasimamishwa. Watu walisikilizwa, alhamdulillahi. Lakini mizani ile haikupotoka kwa kusahau kama ile ya Vladimir. Ilipindwa na aliyetarajia faida ya mpindo wake, kama gunia aliletalo mnunuzi mwenyewe, na ilinyooshwa hasara ilipokaribia. Kijijini hakuna wa kumtia hofu hiyo mwenye lori.

Nimesahau kukueleza ugomvi wa kibandani ulivyokwisha. Mwenye kibanda, mzee mmoja aliyejitanda blanketi, aliwaambia, "Badilishaneni timu, mcheze tena, mechi hii bure." Mlalamishi akakubali upesi, akanyosha mkono.

Mwenzake, yule aliyetuchekesha wote, akakataa.